Swichi ya Ukumbi wa Pili

Kazini walimwita Pilipili, na aliitika bila kinyongo, maana jina hilo alikuwa amelitolea jasho. Mteja akimwambia aharakishe kidogo, yeye huweka bisibisi chini, akamtazama, kisha akaendelea polepole zaidi. Asubuhi hiyo karani wa mahakama alikuwa ameshamwambia aharakishe mara tatu. Mara ya tatu Pilipili alimnyooshea bisibisi, akamuuliza kama angependa kumalizia mwenyewe. Karani akakumbuka kwamba ana mafaili ya kupanga.

Lakini safari hii haraka ilikuwa na sababu, na Pilipili aliijua. Sababu yenyewe ilikuwa imekaa kwenye benchi la koridoni tangu milango ilipofunguliwa: mwanamke wa makamo, mkoba juu ya mapaja, mikono miwili juu ya mkoba kana kwamba kuna mtu atakayekuja kuupokonya. Mwanawe alikuwa gerezani mwaka wa tatu. Ghala lilivunjwa usiku, mlinzi akapigwa nondo, jicho likapotea, na kijana akafungwa ingawa alishikilia tangu siku ya kwanza kwamba hakuwepo. Rufaa yake ilikuwa isikilizwe kwa video, jaji akiwa ukumbini na kijana akiwa kule gerezani. Mara mbili walikuwa wamekutana hivyo, na mara mbili picha iliganda kijana akiwa na mdomo wazi, shauri likaahirishwa. Sasa jaji alikuwa anahamishwa. Alikwishasema kwamba leo ikishindikana tena, faili litakwenda kwa mwenzake na mambo yataanza upya, na lini, Mungu ndiye ajuaye.

Mama huyo alimsimamisha Pilipili alipokuwa anaingia na boksi la swichi mpya ya kugawa mtandao kifuani.

"Mimi sitaki kingine, mwanangu," alimwambia. "Nataka asikilizwe tu."

Pilipili hapendi kuitwa mwanangu na watu wanaotaka kitu kwake. Hata hivyo akajikuta anamjibu, "Atasikilizwa, mama." Akaingia ndani amejikasirikia, kwa sababu fundi mwenye akili timamu haahidi kitu ambacho hajakichomeka hata kwenye umeme.

Kabati la mtandao lilikuwa nyuma kabisa ya ukumbi, karibu na mlango, limefichwa na kizuizi cha mbao chenye kimo cha mtu. Swichi ya zamani iliyokuwa humo ilikuwa kisanduku bubu. Kila kilichochomekwa kilipita njia moja na vingine vyote, vikasukumana: video ya gereza, kompyuta za makarani, mashine za kuchapia, na simu za watu waliokuwa wakitazama mpira saa za kazi. Haikuwa ajabu kwamba picha ya kijana iliganda. Ajabu ni kwamba iliwahi kufika.

Hii mpya ilikuwa ya aina nyingine. Hii unaiseti tundu kwa tundu. Unaichomeka waya wake wa bluu usoni, unaunganisha na kompyuta yako, halafu mnazungumza. Pilipili aliiambia matundu haya manne ni ya video na hayachanganyiki na mtu. Haya ni ya ofisi. Haya ya mwisho hayana mwenyewe, kwa hiyo yafungwe, asije mjanja akachomeka chake. Akaiambia pia kwamba msongamano ukitokea, video ipite kwanza na wengine wasubiri. Mwisho akafunga njia zote za kuiamuru swichi kutoka mbali. Kuanzia hapo hakuna ambaye angeweza kuibadilisha ila aliyepiga magoti mbele yake na waya mkononi. Watu wa gereza ndio waliolitaka hilo, na safari hii Pilipili alikubaliana na wateja wake.

Kazi ya namna hiyo ina hatari yake. Ukikosea amri moja unajifungia nje, kama mtu aliyebamiza mlango huku funguo ziko mezani. Ndiyo maana Pilipili alikuwa na desturi ambayo hakuiacha hata kwa kazi ndogo. Kabla ya kugusa lolote la hatari, aliiamuru swichi ijizime na kujiwasha upya baada ya muda fulani. Swichi hukumbuka amri mpya kichwani tu mpaka uiambie izihifadhi. Ikijiwasha kabla hujazihifadhi, inasahau kila kitu na kurudi ilivyokuwa. Kwa hiyo ukijifungia nje, unakaa chini, unakunywa chai, saa inafika, swichi inasahau ujinga wako na kukufungulia. Desturi hiyo ilikuwa imemwokoa mara nyingi kuliko alivyopenda kusimulia. Na kazi ikienda vizuri, mambo ni mawili, na huyafanya pamoja: anafuta ile saa, anahifadhi.

Saa aliyoiwekea swichi ya ukumbi wa pili ilikuwa saa nne na robo.

Kazi ilikwenda vizuri mno. Kabla ya saa nne alikuwa amewasha skrini kubwa ya ukumbini, na gereza likatokea: kiti, ukuta wa kijivu, askari magereza akipita anapiga miayo. Sauti ilikuwa safi hata buti zake zikasikika. Pilipili alirudi nyuma ya kizuizi, akapiga magoti, akaweka vidole kwenye kompyuta, na hapo hapo ukumbi mzima ukasimama. Jaji alikuwa ameingia mapema.

Karani alichungulia nyuma ya kizuizi, macho yamemtoka. Akamnong'oneza kwamba mheshimiwa hataki mtu asiyehusika, hasa mafundi, maana safari iliyopita fundi alipokea simu katikati ya shauri. Akauliza kama inafanya kazi. Pilipili akasema inafanya. Basi toka, akasema karani, na mkono wake ukawa umeshaubeba mkoba wa vifaa. Na Pilipili, aliyebishana na wakurugenzi, walinzi wa milango na mama mkwe wake mwenyewe, akachomoa waya wake, akafunga kompyuta, akatoka kama mtoto mtiifu. Siku moja tu ambayo ubishi wake ungefaa kitu, hakuwa nao.

Nje alikaa kwenye benchi la yule mama, ambaye sasa alikuwa ameshaingia ukumbini. Alijisikia vizuri. Alisikia kwa mbali sauti ya wakili, halafu ya jaji, halafu sauti ya tatu, nyembamba, ya kijana, ikitaja namba yake ya gereza, haikukatika hata silabi. Alitabasamu peke yake, jambo ambalo halifanyi mbele ya watu, akafungua kompyuta aandike taarifa ya kazi.

Maneno ya mwisho ya swichi yalikuwa bado kwenye kioo. Swichi haina adabu wala ukali, inasema tu. Ilimkumbusha kwamba itajiwasha upya saa nne na robo, kama alivyoagiza.

Alitazama saa ya ukutani. Saa nne ilikuwa imeshapita. 

Akili yake ilikwenda mbio, na kila ilikokwenda ilirudi na habari mbaya. Swichi kuamka ni dakika tano nzima. Hilo lingevumilika. Lakini ingeamka tupu, kama ilivyotoka kwenye boksi, haijui gereza wala ofisi, na kazi yote ya asubuhi ingetakiwa kurudiwa tundu kwa tundu, huku jaji amekaa anatazama kioo cheusi kwa mara ya tatu. Jaji asingekaa. Jaribio la kwanza la Pilipili lilikuwa la kipumbavu na alilijua: alijaribu kuifikia swichi kutoka pale pale kwenye benchi, kupitia mtandao wa ofisi. Ikamkatalia, sawasawa na alivyoifundisha. Aliisifu na kuilaani kwa pumzi moja.

Mlangoni alisimama askari ambaye hakuwa na haraka yoyote maishani. Alimweleza kwamba jaji akishakaa haingii mtu, na mtu mwenye kompyuta ndiyo kabisa. Pilipili alieleza kuhusu swichi. Askari akasema hayo ni mambo ya karani. Pilipili akasema amwite karani. Askari akasema karani yuko ndani, na ndani haingii mtu. Siku nyingine Pilipili angefurahia mazungumzo ya aina hiyo. Sasa aliitazama tena saa ya ukutani.

"Afande," alisema kwa sauti ya chini ambayo hata yeye hakuizoea, "huyo kijana kwenye kioo atakatwa sasa hivi, na atakayemkata ni mimi. Niache nikamrekebishie. Halafu nifunge mimi ukitaka."

Askari alimtazama usoni, kisha kompyuta aliyoishika. Akafungua mlango kwa upana wa mtu mmoja.

Wakili alikuwa katikati ya sentensi ndefu. Kijana kwenye skrini alikuwa ameinamisha kichwa kuelekea kipaza sauti, mwembamba, sikio mbele, kama mtu anayeogopa kupitwa na neno. Jaji aliinua mkono, wakili akanyamaza, na Pilipili akabaki amesimama na kompyuta kifuani.

"Wewe ni nani?"

"Fundi wa mtandao, mheshimiwa. Kuna kitu nimekisahau ndani ya swichi. Nisipokitoa sasa hivi, picha itakatika, na leo haitarudi."

"Na ukikigusa?"

"Haitakatika."

"Una hakika?"

Alitaka kusema ndiyo, kama alivyosema asubuhi koridoni. "Nina hakika zaidi kuliko nikikiacha, mheshimiwa."

Jaji alishusha miwani, akamtazama kwa muda ambao Pilipili alihisi unakatwa kwenye maisha yake. Halafu akasema, "Gusa. Bila kelele," akamgeukia wakili.

Nyuma ya kizuizi alipiga magoti. Waya ulikataa kuingia mara ya kwanza, kwa sababu aliuelekeza juu chini. Kioo kikauliza nywila. Alikuwa ametunga mpya asubuhi ile, ndefu, ya kujivunia, na sasa vidole vyake viliikosea. Akarudia. Akakosea tena. Mara ya tatu, swichi ingemwambia asubiri, kwa sababu yeye mwenyewe aliiambia imsubirishe yeyote anayekosea mara tatu. Akaondoa mikono kwenye vibonye, akaifuta kwenye suruali, akavuta pumzi.

Hapo ndipo kijana alipoomba kusema mwenyewe. Wakili alimsihi asubiri, akasema hoja za rufaa bado hazijaisha. Kijana akasema anajua, lakini ana neno. Jaji akamruhusu.

"Mama yangu yupo humo ndani?" aliuliza.

Jaji alimwambia yupo.

"Namwomba atoke, mheshimiwa. Sitaweza kusema akiwa ananisikia."

Jaji alieleza, bila ukali, kwamba ukumbi wa mahakama uko wazi kwa kila mtu na yeye hana sababu ya kumtoa mama wa watu. Akitaka kutoka, atoke kwa hiari yake.  Kisha benchi lililia, na viatu vikaanza kuja upande wa mlango, taratibu. Pilipili aliandika nywila herufi moja moja, kama anayemwandikia mtoto. Swichi ikamkubalia. Alipoinua macho, mama alikuwa amesimama juu yake, nyuma ya kizuizi. Hakuwa ametoka. Kutoka pale jaji hakuweza kumwona, na kijana asingemwona hata angekuwa mbele yake, kwa sababu kamera ilimtazama jaji peke yake.

"Ahsante, mama," alisema kijana kwenye kipaza sauti, akidhani mlango umefungwa. "Mheshimiwa, ni kuhusu usiku ule. Mama alisimama mahakamani akasema nililala nyumbani."

Mkono ukamshika Pilipili begani. Ulikuwa na nguvu ambayo hakuitegemea kwa mwanamke yule.

"Mwanangu," alinong'ona mama. "Izime."

Pilipili alidhani hakusikia vizuri. Akamtazama. Uso wa mama ulikuwa umeparama, midomo imekauka.

"Izime hiyo. Anataka kusema. Mimi niliapa, mwanangu. Niliapa."

Pilipili akaelewa, na akatamani asingeelewa. Kwenye kioo chake, saa ilikuwa imebakiza dakika moja na ushee. Hakuhitaji kuzima chochote. Alichotakiwa ni kuweka mikono yake mapajani na kukaa kimya. Skrini ingekuwa nyeusi, watu wangeguna, karani angeshika kichwa, na kila mtu mjini angeamini, kwa sababu nani asiyejua kwamba mtandao hukatika? Kijana angerudishwa seli na neno lake mdomoni. Mama angekwenda nyumbani. Aliyekuja kuomba mwanawe asikilizwe ndiye huyu huyu anayeomba asisikilizwe, na Pilipili, mwenye hasira za karibu kila siku, alitafuta hasira ya kumkasirikia mwanamke yule asiipate. Alimwonea huruma tu.

Alifikiri kumwambia kwamba si kazi yake. Hilo lingekuwa uongo. Mwenye waya mkononi alikuwa ni yeye.

"Namhurumia," alisema kijana ukumbini, na sauti ikakwama, si kwa mtandao, kwa kilio. "Amekuja kila wiki tangu nifungwe. Anakuja ananiambia nivumilie, Mungu anajua sikuwepo. Mheshimiwa, kila wiki ananiambia hivyo, na mimi nilikuwepo."

Bega la Pilipili liliuma pale vidole viliposhika. Kwa mkono wa upande mwingine aliandika amri ya kufuta saa, akabonyeza. Swichi ikajibu kwamba imefuta. Akaandika amri ya kuhifadhi, akabonyeza. Swichi ikajibu kwamba imehifadhi. Alifanya yote mawili huku anamtazama mama machoni, kwa sababu aliona kuyafanya akiwa amegeukia pembeni kungekuwa wizi.

"Siwezi, mama," alisema. "Nisamehe. Siwezi kumkatiza."

 Vidole vya mama vililegea kimoja kimoja.

"Nondo niliishika mimi," kijana aliendelea. "Yule mzee wa watu nilimpiga mimi, giza lilikuwa nene, niliogopa. Wenzangu walikuwa wamekimbia. Mama hana kosa, naomba liandikwe hilo. Nilimwomba mimi aje aseme nilikuwa nyumbani. Nilimlilia mpaka akakubali. Ni mimi nilimwomba."

Wakili alikuwa amekaa chini, kalamu imemtoka mkononi. Jaji alikuwa anaandika, na katika ukumbi ule wote ilisikika kalamu yake tu. Alipomaliza akamuuliza kijana kama anaelewa maana ya aliyoyasema, na kwamba hakuna rufaa itakayosimama baada ya hapo. Kijana akasema anaelewa. Akasema ndiyo maana alitaka mtandao ufanye kazi. Mara mbili zile alikuwa amekuja kulisema jambo hilo hilo, na mara mbili lilimfia mdomoni.

Mama akatoka nyuma ya kizuizi.

Hakutembea kuelekea mlangoni. Alipita katikati ya mabenchi, mkoba umening'inia mkononi kama kitu asichokijali tena, akaenda hadi mbele. Jaji aliinua kichwa. Aliiona sura ile akaitambua, na Pilipili, aliyekuwa anachungulia kando ya mbao, aliona jinsi alivyoiweka kalamu chini kwa uangalifu.

"Mama," alisema jaji, "hulazimiki kusema lolote hapa. Ukisema, nitaliandika. Unaelewa?"

"Naelewa. Andika, mheshimiwa." Alivuta pumzi. "Hakuniomba. Hapo anadanganya. Alinikataza. Alinishika miguu akaniambia, mama, usiende kuapa. Nikaenda."

Kwenye skrini kijana alikuwa ameinua uso. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akipatafuta ndani ya kile kioo chake mahali sauti ilipotokea, asipaone.

"Mama," alisema. "Si nimekuomba utoke?"

Pilipili alikuwa bado amepiga magoti na waya mkononi. Alifumbua mdomo kama kawaida yake mwisho wa kazi, awaulize watu kama sauti inafika, akaufumba. Ilikuwa inafika ukumbi mzima.